Je, gari lisilo na chasisi linaweza kuvuta tela la maji?

SWALI: Ninalima nyanya nje kidogo ya mji wa Iringa, na shamba langu liko kilomita sita kutoka mtoni. Nimechongesha tela la kubebea tenki la maji la lita 1,000, na fundi anasema tela lenyewe likiwa tupu lina kilo 300 hivi. Gari langu ni Nissan X-Trail. Jirani ananisihi niliuze ninunue Prado, kwa kuwa gari lisilo na chasisi, asema, likivuta tela kila siku litakatika. Je, ni kweli?
Msomaji, Iringa

JIBU: Ndugu msomaji, jirani yako ameona jambo la kweli, ila sababu aliyokupa haitoshi. Bodi ya Prado imefungwa juu ya chasisi, yaani boriti mbili ndefu za chuma zilizounganishwa kwa vipingo mithili ya ngazi, na tela huvuta boriti hizo. Katika X-Trail, sakafu, nguzo na paa vimechomelewa vikawa kitu kimoja, na mvuto husambaa katika mabati yote. Muundo huo si dhaifu kwa asili yake: Land Rover Defender ya zamani ilikuwa na chasisi, iliyoanza kuuzwa mwaka 2020 haina, na zote mbili zimepewa kiwango cha kuvuta tela lenye breki la hadi kilo 3,500.

Anza basi na mzigo. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000, hivyo tela lako litafika kilo 1,300. Kitabu cha gari hutaja viwango viwili, kimoja cha tela lenye breki zake na kingine cha tela lisilo nazo, na hicho cha pili barani Ulaya hakizidi kilo 750, hata kwa Prado. Matela mengi yanayochomelewa mitaani hayana breki kabisa, na hapo ndipo ninapokuhofia zaidi, kwa sababu kwenye mteremko wenye utelezi tela la namna hiyo litalisukuma gari lolote utakalonunua. Mwombe fundi pia aweke vikingo ndani ya tenki, yaani mabati ya kuzuia maji yasisukumane, maana maji yasiyojaa hukimbilia mbele unapofunga breki na ubavuni unapokata kona.

Chasisi inashinda kwenye barabara yako, ikiwa ni ya mashimo na matope. Gurudumu moja likizama shimoni huku tela likirukaruka nyuma, gari zima hupindwa. Chasisi hustahimili msokoto huo vizuri, na ikipasuka, fundi mzoefu huuona ufa, akauchomelea na kuutilia bati la kuimarisha. Kwa X-Trail, ufa huanzia kwenye bati jembamba palipofungwa ndoano ya tela, mara nyingi chini ya zulia usikoona, na kuirudisha bodi katika vipimo vyake kunahitaji mitambo ambayo gereji nyingi hazina. Usikubali kamwe ndoano ichomelewe kwenye bampa; ifungwe kwa bolti mahali palipoandaliwa na mtengenezaji. Aidha, kama giaboksi yako ni ya mkanda badala ya gia za meno (CVT), kuvuta polepole matopeni kutaichemsha.

Kwa lita 400, ambazo pamoja na tela ni kilo 700, na ikiwa kitabu kinaruhusu, baki na X-Trail. Kwa lita 1,000 kila siku katika njia hiyo, ninakubaliana na jirani yako, lakini fedha za kwanza ziende kwenye breki za tela.