Pingi Imekwenda, Haikurudi

*Maswali ya wasomaji kuhusu kompyuta na mitandao*

SWALI: Shikamoo fundi. Nasoma kozi ya mitandao ya kompyuta chuoni hapa Malindi, kwetu ni Langoni, Lamu. Maabara tumepewa ruta mbili, vile vifaa vya kuunganisha mtandao mmoja na mwingine. Ruta A ina mtandao 192.168.10.0, ruta B ina 192.168.20.0, barakoa zote (subnet mask, namba ya kuonyesha ukubwa wa mtandao) 255.255.255.0. Kati yao kuna kebo: 10.0.0.1 upande wa A, 10.0.0.2 upande wa B. Njia ya kufika 192.168.20.0 nimeiandika kwenye A. Nikipingi (yaani nikituma ujumbe mfupi wa kuuliza kama ipo) kompyuta ya upande wa B kutoka ndani ya ruta A, inajibu vizuri. Nikiipingi hiyo hiyo kutoka kwenye kompyuta yangu ya upande wa A, naambiwa Request timed out. Mwalimu kasema nifikirie. Nimefikiria hadi kichwa kinaniuma.
— M., Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwalimu amefanya vyema kukuacha ufikirie, ila angekupa walau pa kuanzia.

Anzia ruta B. Andika show ip route, amri ya kuonyesha jedwali la njia ambazo ruta inazijua, usome mstari kwa mstari. Utaiona 192.168.20.0 na utauona mtandao wa ile kebo ya kati, kila mmoja na herufi C mbele, maana imeungwa na ruta hiyo moja kwa moja. Tafuta 192.168.10.0. Haimo. Ruta haijui mtandao ambao haukuunganishwa nayo wala haikuambiwa habari zake, na wewe umeiambia A peke yake.

Sasa ifuate pakiti, kile kifurushi cha ujumbe wa pingi. Inatoka kwenye kompyuta yako, inafika A, A inaijua njia, inaipeleka B, B inaikabidhi kompyuta ya kule. Imefika salama salimini! Kompyuta ya kule inajibu, jibu linarudi B likiwa limeandikiwa kwenda 192.168.10 kadha wa kadha. B inatazama jedwali lake, haioni kitu, inalitupa. Wewe huku umekaa unasubiri jibu ambalo limeshakufa njiani.

Mbona basi ukipingi kutoka ruta A unajibiwa? Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotea, kwa sababu wanaichukulia ruta A na kompyuta iliyo nyuma yake kuwa kitu kimoja. Ruta inapopingi yenyewe, hujitambulisha kwa anwani ya mlango inaotokea. Kwako wewe ni 10.0.0.1, na hiyo B inaijua, ni jirani yake wa kebo moja.

Dawa ni mstari mmoja. Kwenye B ingia configure terminal, uandike:

ip route 192.168.10.0 255.255.255.0 10.0.0.1

Wenzako watakwambia ni ukuta wa moto wa Windows (firewall, kinga ya kuzuia ujumbe wa nje) umezuia. Waambie kompyuta ile imeshamjibu 10.0.0.1, ambaye si wa mtandao wake, kwa hiyo haikatai wageni, na lango lake, yaani anwani ya ruta inayopitia kutoka nje, limewekwa sawa. Mambo mawili umeyaondoa kwenye lawama bila kugusa kitu. Ndiyo maana napenda mtu aandike pingi ipi ilijibu na ipi haikujibu, kama ulivyofanya wewe, kuliko anayeniandikia "fundi, mtandao haushiki".

Tena uyasome maneno ya kosa, yanatofautiana. Kama ni A ndiyo ingekosa njia, ingekurudishia Destination host unreachable, na anwani yake ungeiona hapo. Request timed out ni kimya tu, na kimya mara nyingi maana yake pakiti imepotelea mbele zaidi, au jibu ndilo lililopotea.

Ukimaliza, hifadhi kazi yako kwa copy running-config startup-config kwenye ruta zote mbili kabla hujazima, isije ikapotea. Umeme wa pwani unaujua.

SWALI: Fundi, mwanangu anataka kusomea hiyo mitandao. Ananiambia lazima nimnunulie ruta ya Cisco na laptopu kubwa. Ni kweli?
— Mama wa Shela

JIBU: Si kweli, mama, na mwambie nimesema mimi. Kuna programu iitwayo Packet Tracer, ya Cisco wenyewe, hutolewa bure kwa anayejiandikisha kwenye mafunzo yao. Ndani yake ataunganisha ruta na swichi za kuigiza na kuandika amri zile zile nilizomwandikia kijana hapo juu. Laptopu ya kawaida inatosha.

Pesa ya ruta mnunulie koleo la kubania vichwa vya kebo, kipima kebo, na kebo ya kutosha kuharibu. Kazi atakayoipata kwenye nyumba za wageni za Lamu ni ya kebo. Kuta zile za mawe ya matumbawe ni nene, na Wi-Fi ya masafa ya 5 GHz hufa haraka ndani yake. Ile ya 2.4 GHz huvumilia kidogo zaidi. Mara nyingi itambidi avute kebo hadi kila ghorofa aweke kirushio chake, na kebo ya shaba haivuki mita 100. Vichwa vilivyo juani darini avifunge vizuri, chumvi ya bahari huvila.