Kabla hujasema mitokondria za saratani zimekufa

Wewe uliyeanza juzi kukuza seli, utasikia sana kwamba seli za saratani hazipumui, kwamba mitokondria zao (viungo vidogo ndani ya seli vinavyochoma chakula kwa oksijeni) zimekufa, na kazi yao kula sukari tu. Usilimeze hilo zima zima. Otto Warburg, Mjerumani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1931, aliona kwamba uvimbe hugeuza glukosi kuwa asidi ya laktiki hata oksijeni ikiwa tele. Hapo hakukosea. Alikosea aliposema chanzo ni upumuaji ulioharibika. Seli nyingi za saratani zinapumua vizuri, na hazihitaji mitokondria kwa ajili ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, peke yake: mnyororo wa kupumua (mfuatano wa protini ndani ya mitokondria unaotumia oksijeni) ukisimama, aspateti, aina ya asidi amino, huadimika, na bila aspateti hakuna malighafi ya DNA.

Mimi nilikuwa nimeyasoma hayo yote, na bado niliaibika. Niliziwekea seli za HeLa, aina ya seli za saratani zinazokuzwa maabara, rotenoni, sumu inayoziba hatua ya kwanza ya mnyororo huo. Kesho yake nafungua inkubeta nikitarajia maiti, nakuta seli zimeng'ang'ania chupa kama kawaida, ila midia, yaani kimiminika cha kuzilisha, imegeuka njano kama maji ya ndimu. Nikaenda kulalamika kwamba tumeuziwa dawa feki. Dada aliyekuwa akinifundisha hakuigusa hata hiyo dawa. Akaniuliza, "Umezilisha nini?"

Midia yetu ilikuwa na gramu 4.5 za glukosi kwa lita. Damu ya mtu mwenye afya ina takriban gramu 1. Nje ya mitokondria, molekuli moja ya glukosi inaipa seli ATP 2 tu, ambapo ikichomwa hadi mwisho inatoa kama 30. Lakini mwenye ghala lililojaa hahesabu punje. Ile njano ilitokana na asidi ya laktiki, kwa kuwa rangi iliyotiwa kwenye midia hugeuka njano asidi ikizidi; ushahidi ulikuwa mbele ya macho yangu. Tukabadilisha glukosi kwa galaktosi, ambayo seli huivunja polepole mno kiasi cha kutotosha bila mitokondria. Dozi ileile ya rotenoni, na kesho yake seli zilikuwa zimekufa, zinaelea.

Kwa hiyo rangi ya midia iandike daftarini kabla hujashika pipeti, na kwenye kila grafu taja sukari uliyotumia na kiasi chake.

Umbo nalo lina mitego yake. Chini ya hadubini mitokondria huonekana kama tambi zilizosukana, na kweli zipo saratani ambazo tambi hizo hukatwakatwa vipande. Ila mwanga mkali wa hadubini nao huzikata. Nimewahi kutazama seli moja kwa dakika chache, tambi zikawa shanga machoni pangu, na sikuwa nimeweka dawa yoyote. Tangu hapo kila jaribio huwa na chupa ya seli zisizopewa kitu, nazipiga picha kwa mwanga uleule na muda uleule. Zikikatika na hizo, picha za siku hiyo nazifuta.