Madoa ya chui

Mwanangu,

Sisi huku Temeke wazima, namshukuru Mungu. Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza kama ule mchoro wa chui ni wa babu yako kweli, maana hauna jina, na fundi fremu anakwambia ni wa Tingatinga mwenyewe, utauzika ghali.

Mwambie fundi wako atulie. Edward Saidi Tingatinga, yule wa Tunduru aliyeanzisha mtindo wa picha wenye jina lake, alifariki 1972. Babu yako, karani wa bandari, alianza baadaye sana, kwa kuchungulia kazi za waliorithi mtindo ule pale Morogoro Stores, Oysterbay. Akanunua vikopo vya rangi ya baiskeli na kipande cha hadibodi, futi mbili kwa mbili, basi.

Kipaji? Cha wastani, tusidanganyane. Ukiona wanyama wake wote wamezama kwenye majani marefu, usidhani ni mapenzi ya mbuga. Miguu ilimshinda! Twiga ndiye aliyemtesa zaidi.

Rangi ile hukawia kukauka. Alipaka kwanza njano ubao mzima, akaulaza uvunguni mwa kitanda usishike vumbi, bibi yako akigombana na harufu usiku kucha. Kumchora chui ilikuwa kazi yake, madoa tuligawana. Nilichovya njiti ya kiberiti, nikagusa, nikainua upesi, kwani ukizubaa inachuruzika. Tazama karibu na mkia, utaona madoa yaliyovuja. Hayo yangu. Ya begani, yaliyokaa mviringo, yake. Mkono ukiwa kazini mdomo wake ulifunguka: alivyotoroka shule, binti aliyetaka kumposa kabla ya bibi yako (hilo libaki kwetu). Mezani hakuyasema.

Sasa jina lingekuwa la nani? Nilimwambia aandike lake, akasema andika wewe, tukasukumiana hivyo mpaka likasahaulika. Nawe usiandike.

Nyuma ya ubao kuna hesabu ya maziwa kwa penseli, mwandiko wake. Fundi asiibandike karatasi. Ile kona iliyobanduka usimpe mtu, ipake mwenyewe. Njano ya vikopo vidogo bado ipo madukani. Paka nyembamba, uache ikauke kabisa ndipo urudie.

Mama yako