Jibu: Mwananchi ana lipi la kusema kuhusu tathmini?
Ndugu, umeuliza mwananchi wa kawaida ana lipi la kuchangia katika kuhuisha mwongozo wa kutathmini programu za afya ya jamii. Mwongozo wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti na kuzuia magonjwa, wa mwaka 1999 uliweka ushirikishaji wa wadau kuwa hatua ya kwanza kati ya 6, na si bure. Huku Iringa tunavuna chakula kingi, ilhali udumavu wa watoto bado unatusumbua; mtathmini atahesabu kadi za kliniki zilizojazwa, lakini mama aliyeamkia kuchuma chai Mufindi ndiye atakayemweleza kwamba mtoto ameshinda kwa bibi akinywa uji mtupu wa sembe. Ningependekeza maoni yakusanywe pia kwenye mkutano wa kijiji, kwani fomu ya mtandaoni haimfikii mama huyo.