Umeme wa sola kisiwani: bei imeshuka, mbona hatuungiwi?

SWALI: Habari kaka, mimi nauza samaki kisiwa kimoja huku Ziwa Victoria, umeme wetu ni wa kampuni binafsi ya sola siyo TANESCO, shirika la umeme la serikali. Zamani yuniti ilikuwa bei ya kuumiza kabisa, serikali ikaagiza iwe shilingi 100 tukashangilia, ila tangu hapo haungiwi mtu mpya. Nimeomba waniungie friza naambiwa subiri. Sasa bei ya chini inanisaidia nini kama umeme wenyewe sipati?

JIBU: Pole sana dada, hapo umegusa penyewe. Lile agizo ni la 2020, waziri wa nishati wakati ule Medard Kalemani alitaka wenye mitambo midogo vijijini watoze kama TANESCO, na nia ilikuwa nzuri, kwa nini mtu wa kisiwani alipe bei kubwa mara kadhaa kuliko mtu wa mjini? Lakini angalia TANESCO inavyoweza kutoza hiyo bei. Ile 100 ni ya mteja mdogo wa nyumbani (kundi la D1) asiyevuka yuniti 75 kwa mwezi, akivuka kila yuniti ya ziada ni 350, mteja wa kawaida (kundi la T1) analipa 292 kwa yuniti, halafu kuna viwanda na migodi, kwa hiyo hasara ya mdogo inazibwa na wakubwa. Kampuni yenu itazibiwa na nani? Wateja wake ndo nyie wa taa na redio, betri zinachoka zinataka kubadilishwa, kila anayeungwa anaongeza hasara.

Kabla ya hapo kanuni zilikuwa tofauti, mtambo chini ya kilowati 100 ulijipangia bei, EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia bei za nishati, ikiingilia pale asilimia 15 ya wateja wakilalamika. Mimi naona ilikuwa na akili ile, mlinda bei ni mteja mwenyewe. Na kama serikali inataka bei moja nchi nzima, hata mimi naitaka, basi ilipe ile tofauti, mbona kuungiwa umeme wa REA, wakala wa serikali wa nishati vijijini, ni shilingi 27,000 tu na gharama nyingine serikali inabeba yenyewe!

Wewe andika barua kwa kampuni, ubaki na kopi, wasipojibu peleka EWURA kanda ya ziwa, Mwanza, ila msiende mmoja mmoja, jikusanyeni. Na kwenye barua sema friza utaiwasha mchana, maana mchana inakula jua moja kwa moja bila kugusa betri, hapo hata kampuni inapata faida.