Dakika 20 kwenye meli ya mita 60: gesi itatosha?

SWALI: Assalaam aleikum. Nimezoea kuzamia kwa hewa ya kawaida, mwisho mita 30. Sasa najifunza kuzamia kwa gesi za kuchanganya, na shabaha yangu ni meli ya kale iliyolala mita 60. Nina mitungi pacha ya lita 12, hujazwa hadi shinikizo la baa 200. Itanitosha kwa dakika 20?
Mzamiaji, Malindi

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yetu. Haitoshi. Mita 60 shinikizo ni baa 7. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji, kule chini huvuta 140. Dakika 20 zitakula lita 2,800 kati ya 4,800 ulizonazo. Hizo 2,000 zinazobaki utaziona nyingi, mpaka mwenzako aishiwe. Wawili mlioshikwa na hofu mhesabie lita 30 kwa dakika kila mmoja, kipimo cha juu ya maji: dakika 2 za kupeana regileta (kifaa cha mdomoni cha kuvutia gesi) na kutulia ni lita 840, dakika 4 za kupanda hadi mita 21, mnapobadili gesi, ni kama 1,200. Mtafika mitungi mitupu. Panga dakika 15, uzihesabu tangu unapoanza kuzama, si tangu unapoiona meli.

Hewa ya kawaida usiende nayo kabisa. Kina hicho oksijeni yake inafika baa 1.47, imeshapita kikomo cha 1.4, na nitrojeni inalevya. Oksijeni asilimia 18 kwa heliamu 45 hupunguza ulevi huo ukawa kama wa mita 28 hivi.

Tunaloliogopa zaidi ni mtungi wa kupandia. Gesi yake, oksijeni asilimia 50, ni ya kuanzia mita 21 kuja juu. Ukiivuta mita 60, oksijeni ni baa 3.5: degedege, regileta inatoka mdomoni, mtu anakufa maji. Ipime mwenyewe siku hiyo hiyo. Bandika utepe mtungini, andika "21" kwa tarakimu kubwa, chini yake asilimia na tarehe. Valvu ibaki imefungwa. Ukifika mita 21, mwenzako aufuate mpira kwa macho kutoka kwenye regileta hadi mtungini, aisome ile "21", akuashirie ndiyo. Hapo ndipo uitie mdomoni.

Mazoezi ya hapa Malindi yafanye Kaskazi, siku za maji mafu, mkondo unapokuwa mdogo. Wakati wa bamvu, maji makuu, mkondo unawang'ang'aniza kwenye kamba ya kushukia, mnavuta gesi kuliko mlivyopiga hesabu. Na mto Sabaki ukishusha tope, ahirisheni.