Uchimbaji au Uzalishaji? Ushauri kwa Vijana wa Arusha na Moshi Wanaotazamia Kazi za Mafuta na Gesi

Vijana wanaomaliza masomo ya ufundi wa mitambo au umeme hapa kwetu, hasa wale wa Chuo cha Ufundi Arusha, huniuliza mara kwa mara kama ni heri mtu aanzie kwenye uchimbaji wa visima au kwenye uzalishaji, na karibu wote hutaka kwanza kujua upande upi unalipa zaidi. Nimefanya kazi pande zote mbili, nikianzia kwenye mtambo wa kuchimba na kuhamia baadaye kwenye kiwanda cha kusafisha gesi, na kwa maoni yangu mshahara ni kipimo dhaifu cha kuchagulia. Swali la kutangulia ni hili: kisima kikishakamilika, wewe utakuwa wapi?

Tazama historia ya nchi yetu wenyewe. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, lakini uzalishaji ulianza mwaka 2004. Ile ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na ikaanza kutumika mwaka 2006. Waliochimba visima vya kwanza walifungasha vifaa vyao wakaondoka miaka mingi kabla gesi haijawasha taa hata moja, ilhali tangu uzalishaji uanze, kuna watu wanaopokezana zamu usiku na mchana kuitunza gesi hiyohiyo. Kazi ya mchimbaji humalizika kwa kufanikiwa kwake, na kila kisima kizuri anachokikamilisha humlazimu kutafuta kingine.

Hata hivyo, sijui shule inayofundisha haraka kuliko mtambo wa kuchimba. Zamu ni ya saa kumi na mbili, mara nyingi kwa wiki nne mfululizo kabla ya mapumziko, na kazi haisimami kwa sababu ya mvua wala sikukuu, kwa kuwa mtambo hukodishwa kwa siku na kila saa ya kukaa bure ni fedha nyingi. Kijana anayeanzia sakafuni, akiunga na kufungua mabomba, akiosha vifaa na kuchanganya tope la kuchimbia, hujifunza bila kukusudia jinsi ardhi inavyofanya kazi. Tope lile haliishii kupoza keekee, yaani kifaa kinachotoboa mwamba, na kupandisha vipande vya mwamba juu, kwani uzito wake ndio unaoizuia gesi iliyo chini isipande. Likipungua uzito, au keekee ikikuta mwamba wenye shinikizo kubwa kuliko ilivyotarajiwa, tope linalorudi huzidi linalopelekwa na matangi huanza kujaa, na hapo mtu aliye kwenye usukani anapaswa kukifunga kisima mara moja bila kusubiri ruhusa ya mkubwa yeyote. Mtu aliyelelewa katika nidhamu ya namna hiyo hubaki nayo maisha yake yote.

Uzalishaji una hali nyingine kabisa. Gesi inayotoka kisimani huja na maji na vimiminika vingine. Hutenganishwa, hukaushwa, hupimwa, kisha hupelekwa kwenye bomba kuu. Siku nyingi hakuna tukio lolote, na ndivyo inavyotakiwa. Ujuzi hapa ni wa kuona mabadiliko madogo: shinikizo linaloshuka taratibu wiki hadi wiki, kompresa iliyobadilisha mlio, ukuta wa bomba unaoliwa na kutu kwa ndani. Maji yakibaki kwenye gesi yenye shinikizo kubwa yanaweza kuungana nayo na kuwa kitu kigumu mfano wa barafu, hata kama hakuna baridi ya kugandisha maji ya kawaida, na bomba likaziba. Mtu asiyependa kusoma kumbukumbu za zamu iliyotangulia, au anayechoshwa na kazi ya kujirudia, atateseka huku hata kama ana akili nyingi.

Wazazi wengi huamini kwamba uzalishaji ni salama na uchimbaji ndio hatari. Si kweli. Ni kweli kwamba mlipuko wa mtambo wa Deepwater Horizon katika Ghuba ya Mexico, tarehe 20 Aprili 2010, uliwaua watu 11 kwenye kisima kilichokuwa kikikamilishwa. Lakini maafa ya Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988, yalitokea kwenye jukwaa la uzalishaji, na waliokufa walikuwa 167. Pampu iliyokuwa katika matengenezo, ambayo vali yake ya usalama ilikuwa imeondolewa, iliwashwa kwa sababu taarifa za kibali cha kazi, yaani karatasi inayoonyesha ni kifaa kipi kinatengenezwa na hakipaswi kuwashwa, hazikuwafikia waliopokea zamu. Nawasihi sana vijana mlijue tukio hili kabla ya kuingia kazini, maana karatasi ile ya kibali, ambayo wengi huiona kuwa usumbufu, imebeba uhai wa watu.

Kuhusu fedha, mchimbaji kijana kwa kawaida humzidi mwenzake wa uzalishaji, ila sehemu kubwa ya kipato chake ni posho za siku alizokuwa kazini. Bei ya mafuta ilipoanguka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya mwaka 2014 hadi chini ya dola 30 mwanzoni mwa mwaka 2016, kampuni duniani kote zilisimamisha kwanza uchimbaji, kwa kuwa kisima kipya kinaweza kuahirishwa, ilhali kinachotoa mafuta tayari kinaingiza fedha. Mwenye mkopo wa kujenga Njiro au anayelipia ada za wadogo zake anapaswa kulitafakari hilo. Na Desemba, wakati ukoo mzima unapopanda kwenda Machame, Kibosho au Rombo, usiahidi kwamba utakuwepo. Huko kote kuna zamu, ila ratiba ya uzalishaji angalau hujulikana mapema.

Kwa hali ya Tanzania, mlango wa uzalishaji ni mpana zaidi. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linahitaji kupashwa joto njia nzima kwa sababu mafuta yale yana nta, na kazi za vituo vya pampu na matangi ni jamaa wa karibu wa uzalishaji. Ambaye hajapata nafasi aombe mafunzo kwa vitendo hata kwenye boila na mitambo ya mvuke ya kiwanda cha sukari cha TPC hapa Moshi, kwani shinikizo, joto na vibali vya kazi ni vilevile. Anayevutwa na uchimbaji anaweza kuanzia kwenye visima virefu vya maji, au kuangalia jotoardhi ya Olkaria, kule Kenya, ambako visima hufikia kilomita tatu.

Mimi ningemshauri kijana asiye na familia aende kuchimba kwanza, kwa miaka michache, kisha ahamie uzalishaji kabla hajazoea posho. Mwenye watoto aende uzalishaji moja kwa moja. Na kabla ya kutia saini mkataba wowote, aulize kwa maandishi ni nani anayelipia nauli ya kutoka Arusha hadi kituo cha kazi, mshahara wa siku za mapumziko ni kiasi gani, na mtambo ukisimamishwa atalipwa nini.